Mfunga vidonda anayewafuata wagonjwa hadi jikoni

Saa moja na nusu ya asubuhi, benchi la nje ya chumba cha vidonda limeshajaa. Dama Mung'aro anapita mbele ya wagonjwa wake, ufunguo mkononi, akihesabu kwa kidole. Yeye hahesabu watu. Anahesabu viungo.

"Miguu kumi na saba, mkono mmoja," anatangaza. "We mkono, leo umekuja peke yako?"

"Wenzangu wamepona," anajibu mwenye mkono, kuli wa bandarini, na benchi zima linacheka.

Anayeitwa kwanza, hata hivyo, siye aliyefika kwanza. Ni Bi Mejumaa, mpishi wa harusi kutoka Kuze, aliyeingia sasa hivi akimwegemea binti yake, Mwanamkuu. Hakuna anayenung'unika. Kila aliyeketi hapo anajua leo ni siku gani. Saa nane mchana, katika hospitali kubwa, daktari wa upasuaji atautazama mguu wa kushoto wa mama huyu na kuamua kama ataukata au atauacha.

"Sabalkheri, Bi Mejumaa. Umeamka vyema?"

"Nimeamka na miguu miwili, alhamdulillahi. Nitalala na mingapi, hilo Mola ndiye ajuaye."

Dama anavuta kigoda, anaketi, anatandaza kitambaa safi mapajani na kuupakata mguu ule. Anaifungua bandeji taratibu, kama mama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Tabaka la mwisho limegandana na kidonda. Analilowesha kwa maji ya chumvi na kungoja. Hang'oi.

Kidonda kiko juu ya wayo, karibu na vidole. Dama anakisafisha, kisha anachukua kipande cha nailoni angavu alichokifuta kwa spiriti, anakilaza juu ya kidonda na kukizungushia kalamu ukingoni, pole pole, kama fundi achoraye kanzu kwa chaki. Anaandika tarehe. Anakiweka kando ya kipande cha wiki iliyopita na kuvitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

"Eti, mwanangu?" anauliza Bi Mejumaa. "Uso wako umefungwa kuliko mguu wangu. Sema basi."

"Kusema ni kazi ya daktari," anasema Dama. "Mimi nachora tu."

Michoro hiyo imejaza daftari saba. Kila mgonjwa wake ana kurasa zake, na kila wiki ina kipande chake cha nailoni kilichobandikwa kwa gundi. Ofisa wa kliniki wa zahanati hii, Bwana Oloo, anakiri kwamba alipoziona daftari hizo mara ya kwanza alidhani ni za watoto wa shule.

Dama ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Jibana, akaja Mombasa kufuata kazi za nyumbani, na mwaka 1982 akaajiriwa mfagiaji katika zahanati hii ya kisiwani. Alikuwa akimaliza kufagia anasimama mlangoni mwa chumba cha vidonda na kumtazama mzee aliyekuwa akifunga. Siku moja mzee yule akamwambia, "Usinizibie mwanga. Ingia, nawa mikono, ushike hapa." Ndivyo alivyoanza.

Leo anafunga watu kati ya thelathini na arobaini kwa siku, kwa mshahara usiofika shilingi elfu tano kwa mwezi. Anaishi Buxton na mumewe Ngowa, fundi wa reli, na watoto wao wawili, Lennox na Stacy. Asubuhi huja kwa miguu, chakula chake cha mchana kikiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga.

"Miaka ya mwanzo nilijivuna," anasema. "Nilifunga bandeji ikakaa kama imepigwa pasi. Nikadhani kazi ndiyo hiyo. Kumbe nusu yake ilikuwa bado sijaiona."

Aliyemwonyesha nusu ya pili ni mtu anayeitwa Dzoro, bawabu wa ghala moja mjini. Mwaka 1991 Dama alimfunga kidonda cha muundi, mfupa wa mbele wa mguu, kwa miezi mitano. Kilikuwa hakizidi wala hakipungui, halafu ghafla kikaoza, na mguu ukakatwa. Dama alikwenda kumtazama wodini, machungwa mkononi.

"Dzoro hakunilaumu," anasimulia. "Aliniambia, 'Dada, ulinifunga vizuri sana. Kila jioni nilikuwa nikiifungua bandeji yako, nakiosha kidonda kwa mafuta ya taa kama alivyokuwa akifanya baba, kisha naifunga tena vile vile, hata wewe ukawa hujui.' Nikamwuliza, 'Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu?' Akasema, 'Hukuniuliza.'"

Nje ya dirisha mtu anaita maji ya kunywa, mtungi ukigongagonga ubavuni mwa mkokoteni.

"Miezi mitano nilikuwa nimeinamia mguu wake. Sikumwuliza jioni yake inakuwaje. Saa moja ya kufunga ni yangu, lakini ishirini na tatu zilizobaki ni zake, na kidonda kinapona au kuoza katika hizo."

Tangu siku hiyo alianza kuchora, na kuuliza. Hata hivyo, kuuliza nako kuna namna yake, na hilo alifunzwa na Bi Mejumaa kwa gharama kubwa.

Mitaa ya Kuze na jirani zake inamjua Bi Mejumaa kwa jina moja tu: mwenye kaimati. Ana miaka hamsini na saba, na kwa thelathini kati ya hiyo amepika katika harusi za watu. Hupika pilau na biriani, lakini sifa yake iko katika vitu vya kukaangwa na kutiwa shira, yaani sukari iliyochemshwa ikawa nzito. Kaimati zake watu hutuma watoto kuziulizia kabla harusi yenyewe haijatangazwa. Na kwa miaka tisa sasa ana maradhi ya sukari.

Mwezi wa Rajabu, Novemba mwaka jana, alikuwa amesimama kando ya seredani, jiko lake la makaa, akikaanga. Kaa la moto likaruka, likatua juu ya wayo wake.

"Sikusikia kitu," anasema Bi Mejumaa, akiutazama mguu huo kama mtu anayemtazama jirani mwenye fitina. "Nilisikia harufu. Nikamwambia Mwanamkuu, 'We mwana, tazama siagi inaungua.' Akatazama siagi, akatazama chini, akapiga ukelele. Mie nilikuwa naungua, na bado nashughulika na siagi!"

Maradhi yalikuwa yameua hisia za miguu yake, kama yafanyavyo kwa wengi. Alikuja zahanati baada ya siku sita, alipoona khanga imechafuka usaha. Dama akamfunga, Bwana Oloo akamwongezea vidonge, naye akapewa maneno ambayo kila mgonjwa wa sukari anayajua kwa moyo: punguza sukari, pumzisha mguu.

Januari kidonda kikaanza kufumba. Katika daftari inaonekana wazi: mchoro wa Desemba ni mpana kama shilingi moja, wa mwisho wa Januari ni kama senti kumi hizi mpya ndogo, na wa wiki ya kwanza ya Februari ni kitundu tu. Dama alifurahi, akadhani ni dawa.

Kisha kikageuka. Mwezi Machi mchoro ulikuwa umekipita kisoda. Kila wiki Bwana Oloo alipouchemsha mkojo wa Bi Mejumaa na dawa yake ya buluu ndani ya kichupa, ulitoka mwekundu kama tofali, yaani sukari imejaa.

"Unakula vitu vitamu, Bi Mejumaa," Dama alimwambia.

"Wallahi sijala! Tangu sikukuu sijatia kitu kitamu tumboni. Chai yangu naimimina kavu, bila sukari, muulize huyu."

"Ni kweli, Dada Dama," akasema Mwanamkuu. "Hata tende hali."

Hapo ndipo Dama alipokosea, na hafichi. Ilikuwa Jumatatu, watu wengi, joto la Machi limekaa ndani ya chumba kama mgeni asiyeaga. Akakinyanyua kichupa mbele ya benchi zima, akasema kwa sauti, "Mkojo hausemi uongo, mama. Anayesema uongo ni mtu."

Bi Mejumaa akatwaa buibui lake, akasimama na bandeji nusu, akatoka. Hakurudi siku kumi na sita.

"Mwanamke aliyewalisha watu wa mji huu miaka thelathini, nikamwita mwongo mbele ya makuli," anasema Dama. "Siku kumi na sita zile naziandika kwangu. Si kwake."

Aliporudi, aliletwa. Alikuwa na homa, mguu umevimba hadi kifundoni. Bwana Oloo akampeleka hospitali kubwa, akalazwa, akasafishwa kidonda. Mwanzoni mwa Aprili daktari wa upasuaji akampa wiki tano. Usaha ulikuwa umekaribia mfupa. Kama baada ya wiki tano kidonda hakijageuka, mguu utakatwa chini ya goti, kabla haujachukua na maisha.

Siku ya mapumziko iliyofuata, Dama hakulala wala hakufua. Alivaa leso zake nzuri, akakatiza mji hadi Kuze, akauliza njia mara mbili, akabisha hodi.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema mlangoni.

Bi Mejumaa alimtazama juu hadi chini. "Kwangu watu hawaombi radhi wamesimama barazani. Ingia. Kisha leo nina kazi ya watu, huna wa kukuandalia chai."

"Sikufuata chai. Nipe ruhusa nikae tu."

"Ukae ufanye nini?"

"Nikae. Nikuone unavyoshinda."

"Mie si sinema," akasema Bi Mejumaa. Lakini akampa kigoda.

Kulikuwa na harusi siku ya pili yake. Uani seredani tatu zilikuwa zinawaka, na wanawake wanne walikuwa wakikuna nazi na kupepeta. Bi Mejumaa alikuwa na wiki moja tangu atoke hospitali, lakini alisimama kwa mguu ule ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mbele yake palikuwa na sufuria kubwa ya shira ya kaimati, na nyingine ya visheti.

Dama alikaa kando ya bakuli la iliki. Hakuuliza neno. Mara akauona mkono wa Bi Mejumaa ukienda: kijiko ndani ya shira, kijiko mdomoni, kichwa kikainama kidogo, "Bado." Muda si muda, tena. "Iliki haijatoka." Tena. "Ndimu kidogo." Tena, kwa sufuria ya pili. Hakuna aliyeshtuka, hata yeye mwenyewe. Ulikuwa mkono tu, kama mtu anayejifuta jasho.

Dama akachukua punje moja ya iliki na kuitia katika kikombe kitupu. Kila kijiko kilipopanda mdomoni, akatia punje nyingine.

"Mwanamkuu alikuwa ananiona," anasimulia. "Zilipofika thelathini akaanza kucheka. Zilipofika hamsini akaacha."

Ilipoadhiniwa alasiri, Bi Mejumaa alimwona akizimimina iliki mkekani na kuzipanga.

"Waniharibia iliki zangu, wee mtoto wa watu. Za nini hizo?"

"Sitini na moja," akasema Dama. "Ndizo mara ulizoonja shira tangu nilipoketi hapa."

Bi Mejumaa akapiga kofi, akacheka kwa kweli. "Kuonja si kula, mwanangu! Hata Ramadhani mpishi huonja, na saumu yangu haina doa. Waulize wanavyuoni. Ulimi wa mpishi una ruhusa yake."

Dama ni Mkristo, na mambo ya saumu hayajui ndani. Lakini jambo moja likamgonga. "Ramadhani waonjaje, Bi Mejumaa? Nionyeshe."

"Kwa ncha ya ulimi, basi. Kisha natema, nasukutua."

"Na leo umetema mara ngapi?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Wanawake waliokuwa wakikuna nazi wakaacha kukuna.

Dama akatoa daftari mkobani. Akamwomba Mwanamkuu, anayejua kalenda zote mbili, amtajie Ramadhani ilianza lini na ikaisha lini. Mwanamkuu akapitisha kidole juu ya tarehe. Tarehe kumi Januari, saumu ilipoanza: kama nusu shilingi. Mwisho wa Januari: senti kumi. Kuelekea sikukuu: kitundu. Baada yake, harusi za Mfunguo Mosi: kidonda kimefunguka kama jicho.

"Mama," akasema Mwanamkuu kwa sauti ndogo, "mwezi ule ulikuwa ukitema."

Bi Mejumaa hakuamini, au hakutaka kuamini. Hapo Dama akachukua kijiko kile kile, akachota maji kwa kiasi kile kile, akayamimina ndani ya bilauri. Kijiko kimoja, viwili, kumi. Wanawake wote uani wakahesabu pamoja naye. Kijiko cha sitini na moja kilipoingia, bilauri ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

"Ni bilauri ya shira, mama," akasema Dama. "Hukusema uongo. Mimi ndiye niliyekuita mwongo, na ndilo lililonileta. Ulikula bila ya kujua, ukaapa kwa ukweli wako."

Bi Mejumaa aliketi. Kwa mara ya kwanza siku ile, anasema Dama, mguu ule ulipumzika.

Inafaa kusema kwamba hapo ndipo kazi ilipoanza, haikuishia hapo. Kumwambia Bi Mejumaa aache kupika kulikuwa sawa na kumwambia aache kuitwa Mejumaa, na Dama hakuthubutu. Bwana Oloo naye, alipoelezwa, aliweka sharti lake: vidonge kwa saa zake, na mkojo kuletwa kila Jumatatu. Kilichobaki kilikuwa ulimi.

"Tafuta ulimi mwingine," Dama alimwambia. "Unao hapa nyumbani."

Bi Mejumaa akamgeukia bintiye. "Huu? Huu hata maji ya bahari hauyajui! Mwaka jana si alitia chumvi mara mbili kwenye pilau ya watu mia mbili!"

"Ya pili ulitia wewe, mama."

"Nyamaza, nazungumza na mgeni hapa."

Walikubaliana hivi: Bi Mejumaa ataketi kitini, mguu juu ya kreti ya soda iliyotandikwa mto, viatu vya kufunika miguuni hata ndani ya nyumba, na kreti iwekwe mbali na makaa. Mwanamkuu ataonja. Mama atatazama jinsi shira inavyovuta uzi kati ya vidole vya bintiye, na ataamua kwa macho.

Wiki ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa. Wiki ya pili, mwekundu tena.

Safari hii Dama hakunyanyua kichupa. Alimsogelea sikioni na kumwuliza, "Ni nini, mama?"

Bi Mejumaa alitazama chini kama msichana. "Ni kidole. Naketi, silijui hili wala lile, nashtukia kimeshapita ndani ya sufuria na kiko mdomoni. Miaka thelathini, mwanangu. Kina njia yake."

Dama akafikiri. Kisha akachukua kipande cha bandeji, akamfunga kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kizuri, kwa fundo lile lile analofungia vidonda.

"Hiki hakina kidonda," akasema Bi Mejumaa.

"Ndicho chenye kidonda. Mguu ni matokeo yake tu."

Kila asubuhi Mwanamkuu akawa anakifunga upya kwa kitambaa safi. Kilipokaribia mdomo, midomo ilikutana na pamba badala ya shira, na mwenyewe akashtuka. Watu waliokuja kuagiza vyakula waliuliza, "Bi Mejumaa, umejikata?" Naye akawajibu, "Nimekomeshwa."

Wiki ya nne mkojo ukatoka kijani, yaani sukari imebaki kidogo tu. Siku hiyo Bwana Oloo alikibeba kichupa kwa mikono miwili hadi chumba cha vidonda, akakiweka mezani mbele ya Dama, akarudi kwake.

Lakini mkojo si mguu. Ndiyo maana asubuhi hii Dama amechora na kunyamaza. Amewahi kuwaona watu wakijitahidi na bado wakachelewa. Siku kumi na sita hazirudi kwa mkojo wa kijani.

Anamaliza kufunga, anawafunga na wengine wote waliobaki, mkono ukiwa wa mwisho, na saa saba anavua aproni na kuongozana na mama na binti.

Hospitalini wanangoja hadi saa nane na nusu. Bi Mejumaa anavuta uradi, akilitaja jina la Mola chini chini. Mwanamkuu amemshika mkono, na kidole kilichofungwa bandeji kimelala katikati ya viganja vyao kama mtoto wa tatu.

Daktari wa upasuaji ni mtu wa maneno machache. Anaifungua bandeji, anakibonyeza kidonda huku na huku, anaingiza chuma chembamba chenye kichwa kama cha njiti ya kibiriti kutafuta mfupa. Hakipati. Anajaribu tena kwa pembeni. Dama anatazama mkono wake, si uso wake. Kisha anatoa daftari na kuifungua penye michoro ya wiki tano, anailaza kitandani bila kuulizwa.

Daktari anaitazama. Anapindua ukurasa, anarudi, anapindua tena.

"Ulimbadilishia dawa gani?"

"Dawa ni zile zile, daktari."

"Basi kimebadilika nini?"

"Nimenyang'anywa ulimi," anasema Bi Mejumaa, kichwa kikiwa juu ya mto. "Na sasa wataka mguu. Niachieni japo kimoja, jamani."

Daktari anacheka, kicheko kifupi kama chafya. Kisha anakuwa na uso wa kazi. "Leo sikati, mama."

"Leo?"

"Leo. Kisu nimekirudisha kabatini, sikukitupa. Nyama inaota, na mfupa umesalimika. Ukiendelea hivi utaondoka na mguu wako. Ukirudia yale, utarudi kwangu kabla ya kidonda kufunga, na siku hiyo sitakuwa na la kusema. Mwezi ujao, njoo tena."

Mwanamkuu analia. Bi Mejumaa halii. Anauliza kama anaweza kusimama harusi ya Jumamosi, na watu watatu wanamjibu kwa pamoja, "Utaketi!"

Nje, kivulini mwa ukuta, Bi Mejumaa anamshika Dama bega. "Mwanangu, maneno yale ya mbele ya watu nimeyasamehe. Lakini harusi ya Stacy wako ikifika, usimpe mtu mwingine kazi. Utaniudhi."

"Stacy ana miaka kumi na miwili, mama."

"Basi na mimi nitajitunza mpaka hapo."

Njiani kurudi zahanati, Dama anaeleza mpango wake kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuurudia moyoni mara nyingi. Wiki iliyopita alimwandikia Bwana Oloo barua, akiomba siku moja kila wiki ya kwenda majumbani kwa wale ambao vidonda vyao vimekataa. Si kuwafunga. Kukaa nao tu. Bwana Oloo hakukataa, lakini alisema chumba hakiwezi kubaki bila mtu. Kwa hiyo ametafuta mtu: msichana Kanze, mfagiaji mpya, ambaye kwa miezi miwili sasa anasimama mlangoni na kuziba mwanga. Dama ameshaanza kumfundisha kunawa mikono. Akishaweza kufunga peke yake, Alhamisi zitakuwa za majumbani. Mpaka hapo, Dama atatumia siku zake za mapumziko.

"Ngowa ananiambia nitachoka," anasema. "Namwambia, ninachoka zaidi kufunga kidonda kimoja miezi minane."

Ana mgonjwa mmoja wa namna hiyo. Anaitwa Musyoka, mpakiaji mizigo wa mabasi ya bara pale Mwembe Tayari. Hana sukari, anakula vizuri, havuti sigara, hakosi hata siku moja kuja kufungwa. Dawa anameza mbele ya Dama. Na kila wiki mchoro wa kidonda chake unatoka ule ule, kana kwamba amenakili.

Jumapili, baada ya ibada, Dama atakwenda kukaa Mwembe Tayari tangu basi la kwanza linapopakiwa hadi Musyoka atakapovua viatu. Ameshamwomba ruhusa, na Musyoka ameshamwuliza anakwenda kutafuta nini.

"Nilimwambia sijui," anasema Dama. "Ningejua, ningebaki nyumbani nikafua."